Namna ya Kuelewa Urafiki na Ugomvi wa Paka wa Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Nakuru na Kisumu, paka huletwa kwa ajili ya panya. Gunia la mahindi limetobolewa, jirani ana paka aliyezaa, na jioni hiyo hiyo mtoto mmoja wa paka anahamia kwako ndani ya katoni. Baada ya miezi michache panya hawasikiki tena, lakini mwenye nyumba ana maswali ambayo hakuyatarajia: mbona paka huyu hujisugua miguuni pangu, kisha humuuma mtoto anayempapasa, mbona amemchukia paka wa pili niliyemletea ili asiwe mpweke, mbona siku hizi anakojolea kochi ilhali mchanga wake upo? Jibu linalotolewa haraka ni kwamba paka ana kiburi na hana shukrani. Jibu hilo si sahihi. Paka hufanya urafiki na watu na hata na paka wenzake, ila urafiki huo hutegemea harufu anayoitambua, nafasi ya kuondoka anapotaka, na hiari yake ya kuanza na kumaliza maingiliano. Karibu kila tatizo linaloelezwa hapa hutokana na mojawapo ya mambo hayo matatu kuvurugwa.

Kundi la paka lilivyo

Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika, ambaye hadi leo anaishi Kenya. Mnyama huyo huwinda peke yake, kwa kuwa panya au ndege mmoja hawezi kugawanywa kwa kundi, na hulinda eneo lake kwa kuacha harufu ili wenzake wasimsogelee. Binadamu walipoanza kuhifadhi nafaka katika Mashariki ya Karibu, panya walifuata ghala na paka wakafuata panya. Katika kisiwa cha Kupro limefukuliwa kaburi la takriban miaka 9,500 ambamo paka alizikwa kando ya mtu.

Penye chakula kingi mahali pamoja, mwindaji huyu wa upweke huanza kuishi na wenzake. Ukitaka kuliona jambo hilo, watazame paka wanaozurura penye mabaki ya samaki, iwe ni ufuoni Dunga au nyuma ya vibanda vinavyokaanga samaki mjini. Kiini cha kundi kama hilo huwa ni majike wenye undugu, yaani mama, binti, dada na shangazi, ambao hulala wamegusana, hulambana vichwa, na hata kunyonyesha watoto wa wenzao. Madume hupita pembezoni. Mgeni asiye na harufu ya kundi hufukuzwa. Nyumba yenye chakula cha uhakika ni kundi la namna hiyo machoni mwa paka, nawe umehesabiwa ndani yake.

Kuna tofauti moja kubwa kati ya kundi hili na la mbwa, nayo inafaa kukumbukwa kuliko nyingine zote. Mbwa waliogombana wana ishara nyingi za kusalimu amri na kupatana. Paka wana chache sana. Namna yao kuu ya kumaliza ugomvi ni kuachana, kila mmoja akaenda zake. Kwa hiyo nyumba isiyo na mahali pa kwenda huugeuza ugomvi mdogo kuwa uadui wa kudumu.

Kusoma mkia, macho na sauti

Anza na mkia. Paka anayekujia mkia ukiwa umesimama wima, ncha ikiwa imepinda kidogo, anakusalimu kwa wema, na salamu hiyo ndiyo anayompa paka mwenzake anayempenda. Mkia unaopigapiga sakafu unaonyesha kero. Mkia uliofura manyoya yote huonyesha hofu, hata kama mwenye mkia anajitutumua aonekane shujaa. Masikio hujibu haraka zaidi: yakielekea mbele ametulia, yakizunguka kando ana wasiwasi, na yakilala bapa kichwani mkono wako hauna kazi tena hapo.

Macho yanahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu hapa watu hukosea kwa nia njema. Kumkazia paka macho ni kumtisha, na ndiyo maana mgeni asiyependa paka, anayetazama pembeni na kutosema lolote, huishia kukaliwa mapajani, huku shabiki wa paka anayemwita kwa sauti akikimbiwa. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba mtu akimpepesea paka macho taratibu, paka naye huelekea kupepesa, na humkaribia mtu huyo kwa wepesi zaidi. Kufanya hivyo ni rahisi: kaa chini umbali wa hatua mbili au tatu, mtazame kwa ulegevu, fumba macho nusu kwa muda wa pumzi moja, kisha yafumbue. Rudia mara chache, uache. Akifumba yake, mmeshazungumza.

Kujisugua miguuni hakumaanishi njaa tu. Paka ana tezi za harufu mashavuni, kidevuni, kwenye paji la uso, kwenye shina la mkia na katika nyayo, na kila anapokusugua huichanganya harufu yake na yako ili nyote muwe wa nyumba moja. Ndivyo anavyofanya kwenye pembe za meza na miimo ya milango. Usifue matandiko yake yote siku moja. Fua nusu, uache nusu, asije akajikuta katika nyumba isiyonuka chochote anachokifahamu. Kukwaruza kochi pia ni kuacha alama, pamoja na kunoa kucha. Mpe gogo lililozungushiwa kamba ya mkonge, ulisimamishe imara karibu na kochi hilo hilo, maana gogo lililofichwa jikoni halimsaidii.

Kwa upande wa sauti, paka wazima huliliana nyau mara chache sana. Sauti hiyo ni ya watoto kwa mama yao, na paka wa nyumbani huiendeleza kwa ajili ya binadamu. Kwa hiyo kila nyumba huwa na msamiati wake, na mwenye paka hujifunza kutofautisha mlio wa mlango na mlio wa sahani. Kukoroma kwa raha ni dalili njema mara nyingi, lakini paka mwenye maumivu au anayezaa naye hukoroma, hivyo tazama mwili mzima kabla ya kufurahi. Panya aliyelazwa mlangoni wengi humwita zawadi. Mimi sina hakika kwamba paka anafikiria zawadi. Mwindaji hupeleka windo lake mahali penye usalama, na mama hulipeleka kwa watoto wake. Lolote liwalo, mwondoe panya kimya kimya bila kumgombeza paka.

Kumgusa kwa adabu

Nyosha kidole kwenye usawa wa pua yake, umwache anuse. Akikisugua kwa shavu, mkune mashavuni, chini ya kidevu na kwenye mizizi ya masikio. Baada ya sekunde chache, acha. Akisogeza kichwa tena, endelea. Akikaa tu, ametosheka. Watu wengi huumwa kwa kutofanya kituo hicho kidogo. Kabla ya kuuma, paka huwa ametoa taarifa: ngozi ya mgongo imecheza, mkia umeanza kupiga, kichwa kimegeukia mkono ghafla. Methali husema paka hakubali kulala chali, lakini paka anayekuamini hulala chali sebuleni mchana kutwa. Tumbo hilo limeonyeshwa kama dalili ya kutulia, wala hujakaribishwa kulishika.

Watoto wafundishwe sheria mbili tu, nazo zinatosha: hatumfuati paka uvunguni, na hatumwinui aliyelala. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon State, Marekani, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba karibu thuluthi mbili ya watoto wa paka waliopimwa walikuwa na uhusiano wa kumtegemea mlezi wao, wakatulia aliporejea chumbani. Msingi wa uhusiano huo huwekwa mapema mno. Kati ya wiki ya pili na ya saba ya maisha, mtoto wa paka anayeshikwa kwa upole na watu tofauti kila siku hujifunza kwamba binadamu ni salama, ilhali aliyezaliwa darini na kukua bila kuguswa anaweza kubaki mwoga maisha yake yote. Hata hivyo, kumtenga na mama yake kabla ya wiki nane humnyima mafunzo ya kuzuia meno na kucha, ambayo huyapata kwa kucheza na ndugu zake. Jirani akitaka kumtoa akiwa na wiki tano kwa kuwa amechoka kulisha, mpelekee omena za mama na watoto, umwombe avumilie.

Kumleta paka wa pili

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga, lakini paka mwenyeji hajawahi kuisikia methali hiyo. Kosa linalofanywa kila mara ni kumweka mgeni katikati ya sebule na kusubiri wazoeane. Wawili hao watapigana, na kwa kuwa hawajui kupatana, siku ya kwanza inaweza kuharibu mwaka mzima. Kama bado unachagua, chukua ndugu wawili kwa pamoja. La sivyo, mtoto wa paka hukubaliwa kwa urahisi kuliko paka mzima, ingawa paka mzee hafurahii sana kurukiwa mkiani.

Mgeni akae katika chumba chake, akiwa na chakula, maji, mchanga na sanduku la kujificha. Anayeishi katika nyumba ya chumba kimoja anaweza kutumia bafu, au kizimba kikubwa cha waya kama kile cha kuku, kilichofunikwa kwa leso. Kwa siku za mwanzo wasionane kabisa. Mpanguse mmoja mashavuni kwa kitambaa laini, ukiweke karibu na sahani ya mwingine, na ufanye vivyo hivyo upande wa pili, ili kila mmoja aizoee harufu ya mwenzake akiwa anakula. Kisha sogeza sahani taratibu hadi wale pande mbili za mlango uliofungwa. Mmoja akikataa kula au akinguruma, umesogeza mapema. Rudi nyuma hatua moja.

Wakishakula kwa utulivu, waonane kupitia waya au mlango ulioachwa wazi kidogo. Mwishowe wakutane kwa dakika chache, kukiwa na omena au kamba ya kuchezea, na mlango wa kutokea ukiwa wazi kwa wote wawili. Kazi hii huchukua wiki, na mara nyingine miezi. Kupuliza kwa hasira mara moja mbili si jambo la kutisha. Jihadhari zaidi na uonevu wa kimya: paka mmoja hukaa tu mlangoni akimkazia mwenzake macho, naye mwenzake hushindwa kwenda msalani, na wiki moja baadaye kochi limelowa na aliyeonewa ndiye anayechapwa.

Dawa ya uonevu huo ni kugawa mali. Sahani ziwe mbali, kila moja ikiwa na njia yake. Mabeseni ya mchanga yazidi idadi ya paka kwa moja, na yasipangwe yote kona moja. Nyumba ikiwa ndogo, panda juu: rafu, sehemu ya juu ya kabati na dirisha pana ni vyumba vya ziada kwa paka. Wakipigana, usiingize mkono. Piga makofi kwa nguvu au pitisha sinia katikati yao. Na paka aliyemwona adui dirishani anaweza kumshambulia yeyote aliye karibu, ukiwamo wewe, kwa hiyo mwache peke yake mpaka atulie.

Nje ya mlango

Kelele za usiku juu ya mabati kwa kawaida ni za madume yasiyohasiwa. Paka shume huzurura mbali, hunyunyiza mkojo wenye harufu kali kutani, na hurudi na majeraha. Jike naye anaweza kupata joto akiwa na umri wa miezi minne tu, hubeba mimba kwa takriban wiki tisa, na anaweza kushika nyingine akiwa bado ananyonyesha. Mwone daktari wa mifugo apange upasuaji wa kuzuia uzazi kabla ya umri huo kupita sana. Kunyunyiza na kupigana hupungua mno kwa madume wengi waliohasiwa. Waambie majirani wa ploti kwamba paka wako huwatembelea, ili wasitege sumu ya panya bila kukuarifu. Achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa anapofikisha miezi mitatu, na anayeumwa au kukwaruzwa na paka asiyejulikana aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mwisho, paka anayebadilika ghafla, akaacha kusalimu, akajificha au akamuuma mtu aliyemzoea, achukuliwe kuwa mgonjwa hadi daktari aseme vinginevyo. Dume linalojikamua bila kutoa mkojo lipelekwe bila kusubiri kesho. Anaporudi kutoka kwa daktari huwa ananuka dawa, na mwenzake wa miaka mingi anaweza kumfokea kama mgeni. Watenganishe kwa usiku mmoja, mlaze juu ya matandiko yao wote wawili, na umfungulie mlango atakapokuwa amejilamba vya kutosha.