Kufunga paa kabla ya kimbunga: nyumba za Kimara, Goba na Gongo la Mboto, Dar es Salaam

Kukaa mbali na ufukwe si kinga. Mwaka 2023 kimbunga Freddy kiliua watu wengi Blantyre, mji wa Malawi ulioko bara kabisa, kwa mafuriko na maporomoko ya tope. Huku kwetu kimbunga Jobo (Aprili 2021) kilinyong'onyea kabla ya kufika, na Hidaya (Mei 2024) kikatua kisiwani Mafia. Kazi hizi zifanyike kiangazi, si siku TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) inapotoa tahadhari.

1. Zibua mtaro. Aliye bondeni mwa mto Msimbazi ajipange kuhama tu. Viroba vya mchanga havizuii mto.

2. Paa. Upepo wa kimbunga hulinyanyua paa, tena huanzia pembeni, upenuni na kwenye kofia (bati la kileleni). Bati likiruka na papi yake (ubao linakopigiliwa), usililaumu bati: papi ilipigwa msumari mmoja kwenye kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa). Paa zima likiondoka na kenchi zake, halikufungwa kwenye lenta (mkanda wa zege juu ya kuta). Msumari uliopigwa kutoka juu huchomoka ukivutwa juu, hata uwe wa inchi sita. Kinachoshika ni waya.

Nunua waya wa zinki wa milimita 3 au 4. Ule mweusi wa kufungia nondo usiuguse. Kutu huumaliza upesi. Toboa ukuta kwa drili chini ya lenta. Mafundi wengi hutoboa kozi (mstari) ya tofali iliyo juu ya lenta kwa sababu ni rahisi, lakini kozi hiyo hunyanyuka pamoja na kenchi. Zungusha waya mara mbili juu ya kenchi, kisha ukaze kwa kuusokota na kipande cha nondo mpaka usicheze. Ishia hapo, ukizidisha unakatika. Usiruke kenchi hata moja. Iliyoachwa huru ndiyo huanza kung'oka.

Ndipo uongeze misumari ya bati, iliyosokotwa na yenye vipira, kwenye mgongo wa bati, kamwe si bondeni: kila mgongo wa pili pembeni, kila wa tatu katikati. Usirudie tundu la zamani. Mawe na matairi yaliyo juu ya bati yashushe, upepo huyarusha.

3. Jaza tangi. Tupu huruka.

4. Upepo ukianza, zima meni swichi, kaeni chumba kidogo cha ndani. Ukitulia ghafla msitoke: huenda ni jicho la kimbunga linapita, na upepo utarudi kutoka upande wa pili.