Anemoni wa Bahari kwenye Tangi la Nyumbani: Wembe Uje Mwisho

Wafugaji wanaonipigia simu kuhusu anemoni, mnyama laini wa baharini mwenye minyiri, karibu wote huanza na swali lilelile: "Nimkate vipi apate kuongezeka?" Nami huwarudishia swali: maji yako yana umri gani? Kumkata anemoni ili kila nusu iwe mnyama kamili ni kazi ya sekunde kumi, na yeyote mwenye wembe anaiweza. Kazi yenyewe ni kumfikisha mahali ambapo akikatwa hafi, na hiyo huchukua karibu mwaka mzima. Ushauri huu ni kwa mwenye tangi la lita 150 hadi 300 sebuleni, anayetaka kufuga anemoni mmoja, baadaye awe nao wa kubadilishana na wenzake au kuuza.

Ninazungumzia aina moja tu, Entacmaea quadricolor, yule ambaye ncha za minyiri yake hutuna kama chuchu ya chupa ya mtoto. Ni mkazi wa miamba ya Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, pwani yetu ikiwemo, hadi visiwa vya Pasifiki. Vile vifundo vya nchani huja na kuondoka; anemoni mwenye afya njema anaweza kukaa miezi na minyiri mirefu iliyonyooka, kwa hiyo usihangaike navyo. Wale wapana kama busati, jamii ya Stichodactyla, na yule mkubwa Heteractis magnifica, waachie wenye matangi makubwa. Hutanuka nusu mita na zaidi, na kwa wembe hawana subira.

Wageni wakimwona hudhani ni ua. Ni mnyama: ana mdomo mmoja, na mdomo huohuo ndio njia ya kutolea taka, ana mguu wa kushikia jiwe, na minyiri yake imejaa visindano vya sumu visivyoonekana kwa macho. Ila ndani ya nyama yake wamehifadhiwa mwani wa seli moja, wanaopika chakula kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wao. Hivyo taa kwake ni chakula kabla ya kuwa pambo. Akipata joto au mshtuko mkubwa huwapoteza wapangaji hao, akabaki mweupe pee. Kuna wauzaji wanaomsifia anemoni mweupe kuwa ni wa rangi adimu. Huyo ana njaa. Na yule wa manjano inayong'aa sawasawa mwili mzima, kama kitambaa kilichochovywa rangi, mara nyingi amechovywa kweli. Mwache dukani.

Dukani tazama mdomo: uwe umefumba, si umelegea wazi huku matumbo yakichungulia. Tazama mguu: uwe umeshika kitu, na usiwe na mchaniko. Anemoni aliyebanduliwa kwa nguvu huweza kuonekana mzima siku tatu, ya nne akaanza kuyeyuka.

Sasa maji. Tangi liwe limekaa angalau miezi sita likiwa na mawe na samaki kabla ya anemoni kuingia, kwa sababu tangi changa hupandisha na kushusha vipimo vyake kila wiki, na mnyama huyu hawezi kuyumba nalo. Chumvi iwe 35 kwa elfu, yaani 1.025 au 1.026 kwenye rifraktomita, kifaa cha kupimia chumvi ya maji. Joto nyuzi 25 hadi 26. Amonia na nitraiti sifuri kabisa. Nitrati miligramu 5 hadi 15 kwa lita si tatizo. Maji yasiyo na virutubisho hata kidogo nayo humdhoofisha. Alkalini, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, iwe 8 au 9 kwa kipimo cha dKH, na kalisi miligramu 400 hadi 450 kwa lita. Shaba isiguse maji yake kabisa: dawa nyingi za ugonjwa wa madoa meupe ya samaki zina shaba, na tangi lililowahi kutibiwa kwa dawa hizo usimweke humo anemoni hata kama ni miaka miwili iliyopita, maana mawe na silikoni hushika shaba na kuiachia polepole.

Kwa wanaoishi pwani, vitabu vya Ulaya havina msaada sana kwenye suala la joto. Wao wanahangaika na hita. Sisi tunahangaika kupoza. Miezi ya kaskazi, Februari na Machi hasa, chumba kisicho na kiyoyozi hufikisha maji nyuzi 30 kabla ya adhuhuri, na hapo ndipo weupe unapoanzia. Joto kama hilo ndilo lililofanya matumbawe ya pwani yetu yapauke vibaya mwaka 1998 na tena 2016. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili au tatu, lakini ina bei yake: maji hukauka, chumvi hubaki. Tangi la lita 200 lenye feni laweza kupoteza lita mbili tatu kwa siku. Ongeza maji matamu yaliyochujwa kwa mashine ya RO, ile inayoondoa chumvi na uchafu, kila siku, asubuhi na jioni kidogo kidogo. Usiongeze maji ya chumvi kufidia yaliyokauka. Kosa hilo nimelikuta kwa watu makini kabisa, na chumvi imepanda hadi 40 bila wao kujua kwa sababu tangi lilikuwa likionekana limejaa.

Walio karibu na bahari wanaweza kuchota maji ya bahari badala ya kununua chumvi. Chota maji yakiwa yamejaa, siku za bamvua, mbali na bandari, mfereji au mdomo wa mto, na wala si wakati wa masika ambapo maji ya juu ni nusu mvua. Chuja kwa kitambaa, weka kwenye pipa lenye mfuniko gizani wiki mbili, kisha yapuliziwe hewa na kupimwa kabla ya kutumika.

Niseme na habari ya umeme, maana ndio ulionifundisha kwa bei kubwa. Anemoni wangu wa kwanza alikuwa mtembezi. Aina hii hutembea kwa mguu wake akitafuta mahali pa kumridhisha, na hupenda usiku. Umeme ulikatika yapata saa nne, pampu zikasimama, naye akaona tundu la pampu ya mkondo ni pango zuri. Umeme ukarudi alfajiri. Nilipowasha taa, maji yalikuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele, na vipande vya minyiri vimetapakaa hadi kwenye kichujio. Samaki wawili walikuwa chali. Tangu siku hiyo pampu zangu zote zimevalishwa sponji yenye matundu makubwa au wavu wa plastiki, na hita, walio nayo, iwe ndani ya kizimba. Nimeongeza pia pampu ndogo ya hewa ya betri inayojiwasha umeme ukikatika. Anemoni akifa ndani ya maji yasiyozunguka, tangi zima huwa hatarini.

Ili asitembee, mpe anachokitaka tangu mwanzo. Anataka ufa au shimo kwenye jiwe ambamo mguu utaingia gizani huku uso ukitokeza kwenye mwanga. Mzoeshe maji kwa kudondosha maji ya tangi ndani ya chombo chake kwa saa moja hivi, zima pampu, mweke mguu kwenye ufa, subiri ashike. Ukiwa na kipimo cha PAR, yaani nguvu ya mwanga ambao mwani huutumia, 150 hadi 250 yamtosha. Saa nane hadi kumi za mwanga kwa siku. Akirefuka kama shingo ya twiga na kusinyaa rangi, mwanga ni mdogo. Akijikunja kila taa ikiwaka, umezidi au umeongezwa ghafla. Na matumbawe yasiwe karibu naye, atayachoma.

Kuna siku utamkuta amenywea kama soksi iliyotupwa. Usimtoe. Hujikamua namna hiyo kutoa taka na kubadili maji ya mwilini, na baada ya saa chache hurudi. Wa kutolewa haraka ni yule ambaye mdomo umeachama, ute unatoka vipande vipande, na ukinusa maji karibu naye unapata harufu ya samaki wa juzi.

Chakula: kipande cha kamba au samaki mbichi asiye na chumvi wala viungo, kisichozidi ukucha wa kidole kidogo, mara moja au mbili kwa wiki. Kipande kikubwa atakipokea mbele yako kwa furaha na kukitema usiku ukiwa umelala, kikaoze nyuma ya jiwe.

Na samaki wa anemoni, wale wanaojificha kwenye minyiri yake? Anemoni anaishi vizuri bila samaki, na samaki tangini anaishi bila anemoni. Katika maji yetu Amphiprion allardi huishi na anemoni huyu kwa asili. Yule wa rangi ya chungwa anayependwa na watoto, Amphiprion ocellaris, baharini hukaa na aina nyingine, ila tangini wengi humkubali huyu. Shida ni ukubwa: samaki wawili wazima kwenye anemoni wa upana wa kikombe watamsugua mpaka afumbe siku nzima. Mwache akue kwanza.

Mwaka 1828 Mskoti mmoja, John Dalyell, aliokota anemoni pwani ya nchi yake, wa aina ya maji baridi isiyotegemea mwani, akamweka kwenye chombo cha kioo. Dalyell akafariki 1851. Anemoni akapokezwa mkono kwa mkono hadi mwaka 1887, bila taa wala skima, yaani mashine ya kuondoa uchafu majini, kwa maji mapya ya bahari na kipande cha kome. Nawaambia hivyo wanaoniuliza aishi miaka mingapi.

Tukija kwenye wembe. Mkate tu yule aliyekaa mahali pamoja miezi mitatu au zaidi, anayefunguka kila siku, anayemeza chakula ndani ya dakika chache, na ambaye akitanuka anafika upana wa sahani ya chai, sentimita 15 hivi. Mweupe, mgeni au mtembezi hakatwi.

Siku mbili kabla usimlishe. Andaa wembe mpya, ubao wa plastiki usiowahi kuguswa na sabuni, bakuli mbili za maji ya tangi, glavu na miwani. Ukiweza, mtoe pamoja na jiwe lake. Akiwa ameng'ang'ania, sugua kipande cha barafu upande wa nyuma wa jiwe, kisha pitisha kadi nyembamba ya plastiki chini ya mguu, taratibu. Mguu ukichanika, ahirisha. Mweke ubaoni, ajikunje, tafuta mdomo. Kata mara moja tu, kwa kukandamiza wembe kutoka juu kupitia katikati ya mdomo hadi mguuni. Usikereze kama msumeno. Kila nusu lazima ibaki na sehemu ya mdomo na sehemu ya mguu. Isiyo na mojawapo nafasi yake ni ndogo. Wanaokata vipande vinne nawajua, na ninajua pia vingapi huwa vinabaki.

Suuza nusu zote kwenye bakuli, kisha ziweke kwenye kikapu cha plastiki chenye matundu ndani ya tangi lilelile, na vijiwe viwili vitatu vya kushikia, mkondo ukiwa mpole. Saa hiyohiyo utaona kila nusu inajikunja, kingo za kidonda zikitafutana kama mkunjo wa sambusa. Siku ya tatu au ya nne huwa zimeshikana. Mdomo wa duara hurudi katika wiki moja hadi mbili. Usilishe kabla ya hapo. Ukianza, anza na kipande cha ukubwa wa punje ya mchele. Badilisha asilimia 20 ya maji kesho yake, na weka mkaa wa kuchujia, kwa sababu ute hutoka mwingi. Kipande kinachoyeyuka ondoa bila kungoja. Asikatwe tena kabla ya miezi minne, wala asiuzwe kabla ya wiki sita.

Wakati mwingine atajigawa mwenyewe, mguu ukivutana pande mbili kwa siku nzima. Usimsaidie. Kuna wanaolazimisha jambo hilo kwa kumlisha sana kisha kubadilisha nusu ya maji kwa mpigo. Siipendi njia hiyo: anayejigawa kwa shibe na anayejigawa kwa taharuki siku ya kwanza wanafanana, na tofauti utaiona wiki ya pili, umeshachelewa.

Anemoni mdogo wa kahawia, Aiptasia, anayejiotea kwenye mawe kama gugu, yeye usimkate wala kumkwangua. Kila chembe ya mguu inayobaki huota mwingine. Mfunike kwa uji mzito wa chokaa safi, mmoja mmoja, pampu zikiwa zimezimwa, wala usizidishe wachache kwa siku moja maana chokaa hupandisha pH.

Mbegu ya kuanzia tafuta kwa mfugaji mwenzako. Ndani ya hifadhi za bahari za Kenya kama Watamu, Malindi na Kisite kumbandua mnyama mwambani ni kosa, na nje ya hifadhi ulizia kibali idara ya uvuvi kwanza. Ukitaka kumpelekea anemoni mtu wa nchi nyingine, kumbuka kwamba jiwe la matumbawe alilolikalia linaguswa na Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, hata kama yeye mwenyewe hayumo. Mhamishie mapema kwenye kipande cha kigae. Siku ya safari awe na njaa ya siku mbili, mfuko uwe na theluthi moja ya maji na hewa iliyobaki, ndani ya boksi la kuhifadhi baridi, na mpokeaji awe ameshakutumia vipimo vya maji yake kabla hujafunga mfuko.