Kiti mwendo kilichotumika: pima mtu kwanza, kisha ukitoe

Mgonjwa akipona au akitangulia mbele ya haki, nyumbani hubaki kiti mwendo na magongo vikikusanya vumbi stoo. Kuvitoa ni wema mkubwa. Ila kiti mwendo si kanzu ya kugawa kwa yeyote. Kikiwa kipana mno, mtu hulalia upande mmoja na uti wa mgongo hupinda. Kikibana, nyonga huchubuka. Na aliyepoteza hisia miguuni hatasikia maumivu. Atakuja kugundua kidonda kikiwa kimeshachimba.

Chukua utepe wa fundi cherehani, mkalishe mhitaji wima kwenye benchi. Pima nyonga pale zilipo pana zaidi, toka upande mmoja hadi wa pili bila kuzungusha utepe: upana wa kukalia ulingane na hapo. Kisha pima kuanzia nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, utoe sentimita 3 hadi 6. Hicho ndicho kina cha kukalia. Kikizidi, ukingo humkata nyuma ya goti, naye hujivuta mbele na kukaa amepinda. Mwisho, nyuma ya goti hadi kisiginoni, na viatu vyake miguuni: huo ni umbali kati ya mto na vikanyagio. Vikanyagio vikikaa juu mno, mapaja huinuka na uzito wote huangukia mifupa ya makalio.

Mto ndio unaosahaulika, na ndio unaookoa ngozi. Mto wa zamani ulioloa mkojo hausafishiki. Tupa, nunua sponji mpya iliyo ngumu kiasi. Akishakaa, ingiza vidole chini ya mfupa wa kalio, kiganja kikiangalia juu. Ukiweza kuvitikisa kidogo, sawa. Vikigandamizwa visitikisike, sponji ni laini mno kwake.

Kabla ya hayo yote, kiti kioshwe kwa sabuni na brashi, hasa mishono na chini ya sehemu za kuegemeza mikono. Kisha pangusa kwa dawa ya klorini: ya chupa yenye asilimia 3.5, changanya sehemu 1 kwa 6 za maji. Acha dakika 10, suuza kwa maji safi, kausha. Usiposuuza, klorini itakula chuma. Uchafu usipotoka kwanza, dawa haifanyi kazi.

Sasa kipeleke kwa fundi wa baiskeli. Magurudumu madogo ya mbele yazunguke bila kuyumba. Nywele na nyuzi hujiviringa kwenye ekseli na kuua beringi. Breki ikifungwa, kiti kisisogee hata ukikisukuma. Tairi lisilo na upepo wa kutosha hulegeza breki, kwa hiyo jaza upepo kabla ya kulaumu breki. Kitambaa cha kukalia kilichobonyea kishonwe kipya. Fremu yenye ufa usiitoe, hata ikichomelewa.

Magongo ni mepesi kuyashughulikia: badilisha raba za chini zilizolika, hakikisha vishikizo havizunguki, na gongo la kwapani liache nafasi ya vidole viwili au vitatu chini ya kwapa. Uzito ubebwe na viganja. Ukibebwa na kwapa, neva hubanwa na mkono hufa ganzi.

Mipira ya mkojo, mirija ya oksijeni, barakoa za mvuke na bandeji zilizofunguliwa usizigawe kamwe. Dawa zilizobaki zirudishe duka la dawa.

Kama humjui wa kumpa, au mhitaji ni mtoto au ana mgongo uliopinda, pitia kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Dar es Salaam ipo hospitali ya CCBRT, Moshi ipo hospitali ya KCMC, na Kenya kuna APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo. Piga simu kwanza, taja upana wa kukalia na kasoro zote za kiti, uulize kama wanavipokea vilivyotumika.

Baada ya wiki moja, mtembelee uliyempa kiti. Mwombe ndugu yake atazame ngozi ya makalio na mgongo wa chini. Wekundu, au weusi kwenye ngozi nyeusi, usiofifia nusu saa baada ya kushuka kitini maana yake asikikalie tena mpaka mto ubadilishwe.