Zabuni ya serikali ya kukarabati maabara ya utafiti: hatua kwa hatua kwa wakandarasi wa Arusha na Moshi

Majuzi nimemsaidia mkandarasi kijana wa hapa Sakina kuandaa zabuni ya kukarabati maabara ya utafiti wa magonjwa. Majengo anayajua: madarasa, zahanati, nyumba za walimu. Maabara naye alikuwa ameipigia hesabu kwa mita ya mraba, kama darasa. Tukafuta, tukaanza upya. Mimi ni mkadiriaji majenzi, na ukanda wetu huu una maabara za umma si haba, kuanzia Nelson Mandela pale Tengeru hadi Kibong'oto kule Siha, kwa hiyo naiweka njia tuliyopita hapa wengine nao waitumie.

Hatua ya 1: Makaratasi

Usajili wa CRB (Bodi ya Usajili wa Makandarasi) ulio hai na daraja linalobeba thamani ya kazi, leseni, TIN, uthibitisho wa kodi, akaunti ya NeST (mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni). Haya unayo au huna. Ukiwa umesajiliwa kwa majengo tu, tafuta mapema mkandarasi wa mitambo mwenye usajili wake, muingie ubia au umtaje kama mkandarasi mdogo, kadiri nyaraka zinavyoruhusu. Na usiogope ukubwa wa kazi: kwa Kanuni za Ununuzi wa Umma za 2024, ujenzi usiozidi shilingi bilioni 50 umetengwa kwa kampuni za ndani.

Hatua ya 2: Nenda ukaone jengo

Hata kama nyaraka zinasema si lazima, nenda. Beba futi, tochi na ngazi. Pima upana wa milango na kona za korido, maana kabati la usalama wa kibaiolojia (lile lenye feni na filta, linalomkinga mtafiti na vimelea) halikunjwi wala halilazwi hovyo. Likigoma mlangoni utabomoa ukuta uliokwisha kupakwa rangi. Panda darini uone kama dakti (njia za bati za kupitisha hewa) zina pa kupita chini ya kenchi.

Uliza mambo mawili, na uyaulize tena kwa maandishi. La kwanza, nani atasafisha vimelea kabla mafundi wako hawajaingia, na hati ya kuthibitisha hilo utaipata lini. Fundi hawezi kung'oa sinki la maabara ya kifua kikuu kwa imani tu. La pili, bati la zamani ni la asbesto? Majengo mengi ya umma ya miaka ya nyuma yameezekwa kwa asbesto, na kuiondoa kuna taratibu na gharama ambazo haziingii kwenye mstari wa BOQ (orodha ya kazi na vipimo unayoijaza bei) unaosema "ondoa paa lililopo".

Hatua ya 3: Hewa, kabla hujagusa bei yoyote

Hapa ndipo pesa za kazi hii zinapopotelea, kwa hiyo nivumilie.

Anza na kabati. BOQ inaweza kuandika "kabati la usalama, daraja la II" na kuishia hapo. Daraja la II lina aina kadhaa. Aina ya A2 hurudisha karibu asilimia 70 ya hewa ndani ya kabati na kutoa asilimia 30 kupitia filta ya HEPA (filta nzito inayonasa vimelea), ama chumbani, ama kwenye bomba la nje kupitia kofia yenye mwanya. Aina ya B2 hutupa hewa yote nje. Maana yake B2 inataka feni yake juu ya paa, dakti yake, na hewa ya kufidia inayoingia chumbani muda wote; bila hiyo hewa ya kufidia, kabati linakosa cha kuvuta na mlango unakuwa mzito kufungua. Kwenye BOQ yote mawili ni mstari mmoja. Kwenye mfuko wako ni kazi mbili tofauti kabisa.

Halafu linganisha BOQ na michoro, chumba kwa chumba. Mchoro ukionyesha mshale wa hewa kutoka korido kuingia maabara, chumba kinatakiwa kiwe na presha hasi, yaani chini ya ile ya korido, ili hewa ya ndani isitoke. Sasa tafuta kwenye BOQ: feni ya kutolea hewa ipo? Geji ya presha mlangoni ipo? Mlango wa kujifunga wenyewe je? Na dari ni la aina gani? Dari la vipande vya kunyanyua na presha hasi havikai nyumba moja, hewa itaingilia juu. Mimi hupendekeza dari lisilo na maungio wazi, na sakafu ya vinaili iliyochomelewa na kupandishwa ukutani. Vigae sivitaki maabara hata kwa bure, grauti inanywa kila kinachomwagika.

Kisha mwinuko, jambo ambalo wauzaji wa Dar es Salaam hawakuulizi. Katalogi za feni kwa kawaida zimepigwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Arusha mjini tuko karibu mita 1,400 juu, na hewa yetu ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10. Moshi tofauti ni ndogo lakini ipo. Feni ile ile kwa kasi ile ile itasukuma ujazo ule ule, ila presha inayotoa inashuka. Kwa dakti tupu haina neno, kwa sababu upinzani wa dakti nao unashuka. Upinzani wa filta ya HEPA haushuki hivyo, maana hewa hupenya polepole kati ya nyuzi. Basi feni iliyotosha Dar ikifungwa hapa na HEPA mbele yake itahema. Mwandikie muuzaji mwinuko wa eneo ndani ya barua ya kuomba bei, na jibu lake litaje mwinuko huo. Jenereta vivyo hivyo, nayo hupoteza nguvu huku juu. Otoklevu (mtungi wa kuua vimelea kwa mvuke), kwa sababu hiyo hiyo ya mwinuko, mkabidhiane kwa kipimajoto, nyuzi 121, msiishie kwenye geji ya presha.

Mwisho, upimaji. Kabati likishafungwa mahali pake lazima mtaalamu apime kasi ya hewa mdomoni, ambayo kwa A2 ni karibu mita 0.5 kwa sekunde, achunguze uvujaji wa filta na mwendo wa moshi. Mtaalamu huyo huenda akatoka mbali na nauli yake. Kama BOQ haina mstari wa upimaji, usidhani taasisi italipa.

Yote haya yanageuka maswali ya ufafanuzi, na yanapita NeST kabla muda wa kuuliza haujafungwa. Simu kwa afisa ununuzi haina uzito. Andika hivi: "Kipengele cha kabati, sehemu ya mitambo: tafadhali thibitisheni ni A2 au B2, kama ni A2, inarudisha hewa chumbani au inatoa nje, na upimaji baada ya kufunga umo katika kipengele kipi?" Jibu litawafikia wazabuni wote bila kutaja jina lako. Wengine wanaona hapo unawafaidisha washindani. Mimi naona heri wote wapige bei ya B2 kuliko wewe peke yako uipige na kuonekana ghali.

Hatua ya 4: Bei na kutuma

Tumia Excel, kisha hamishia kwenye mfumo. Angalia kama bei inatakiwa pamoja na VAT ya asilimia 18 au bila. Tumia kompyuta, simu iache. Tuma siku moja kabla.

Hatua ya 5: Ukishinda

Kabla ya kusaini, soma kifungu cha malipo ya vifaa vilivyofika eneo la kazi. Kabati na feni vinaagizwa nje, na muuzaji anaweza kutaka pesa yote kabla ya meli kuondoka. Kama mkataba unalipa kilichofungwa tu, omba malipo ya awali na uandae dhamana yake benki wiki hiyo hiyo. Oda ya kabati itoke kabla hata ya kuanza kubomoa, na ukuta wa upande wa mlango uache mwisho.