Kuandaa maganda ya risasi za 9mm kabla ya kuyajaza upya

Mdogo wangu mmoja tunayepiga naye shabaha hapa Texas amenunua presi yake ya kwanza (mashine ya mkono ya kujazia risasi), akaja gereji kwangu na ndoo ya maganda aliyookota uwanjani. Tuliyafanyia kazi pamoja kuanzia ndoo chafu hadi ganda lililo tayari, na haya ndiyo tuliyofanya. Sitagusa baruti wala kupachika fataki mpya (kile kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti). Vipimo vya baruti unavitoa kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti hiyo, si kwangu wala kwa rafiki yako.

Kwanza sheria. Marekani, sheria ya shirikisho haidai leseni ukijaza risasi za kutumia mwenyewe. Ukianza kuwauzia watu, leseni ni lazima. Angalia pia sheria ya jimbo lako, na uulize uwanja unaopigia kama wanaruhusu kuokota, maana viwanja vingine huyahesabu maganda kuwa mali yao. Ndugu zangu mliopo nyumbani, haya si yenu: Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na kutengeneza risasi bila leseni ni kosa zito.

Hatua ya 1: Chambua

Vaa glavu na miwani. Mwaga maganda kidogo kidogo kwenye trei, usimwage ndoo nzima. Kitu cha kwanza kutafuta ni risasi nzima ambayo haikulipuka, kwani uwanjani hudondoka na kuchanganyika na maganda matupu. Ukiipata, iweke kando na uirudishe uwanjani waitupe wao.

Kisha pitisha sumaku. Inayonasa ni ya chuma, hata kama imepakwa rangi ya shaba, tupa. Ya alumini ni ya kijivu na nyepesi sana mkononi, tupa pia. Usiichanganye na shaba iliyopakwa nikeli, ambayo inang'aa kama fedha lakini ina uzito wake. Hiyo inafaa, ila mdomo wake huwahi kupasuka.

Soma maandishi ya kitakoni. 380 AUTO ina kitako kinachokaribia kabisa cha 9mm Luger, lakini ni fupi: ganda lake lina milimita 17.3, la 9mm lina 19.15. Ganda la 9mm nalo hujificha ndani ya ganda la risasi ya .40, ambalo ni pana zaidi. Yakiingia hivyo kwenye mashine ya kusafishia hubanana, na kuyatoa ni kazi ya koleo. Chungulia kila moja.

Hatua ya 2: Safisha

Fataki zina kemikali ya risasi, ile madini yenye sumu, na masizi yaliyo ndani ya ganda yana mabaki yake. Kwa hiyo kazi hii haifanywi jikoni, haifanywi karibu na watoto, na sinki la vyombo halihusiki.

Wapo wanaosafisha kwa mashine ya kutikisa yenye magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Inafanya kazi, lakini mimi siipendi: vumbi linalotoka ndilo lenye sumu, na ukifungua mfuniko unalivuta puani. Natumia pipa la kuzungusha lenye maji, vijiti vidogo vya chuma kisichoshika kutu, tone la sabuni ya vyombo na asidi ya limau kidogo sana. Saa moja au mbili zinatosha. Suuza mara kadhaa, kisha anika juani juu ya taulo. Usiyatie kwenye oveni kuharakisha. Shaba njano ikipata moto mwingi hulainika, na kitako kikilainika ganda limekufa.

Na usitumie kabisa dawa ya kung'arisha yenye amonia. Jeshi la Waingereza lilipokuwa India lilihifadhi risasi kwenye mazizi ya farasi wakati wa masika, na maganda yakawa yanapasuka yenyewe. Ilipofika mwaka 1921 sababu ilikuwa imeshaelezwa: amonia itokayo kwenye mkojo wa farasi hula shaba njano iliyokunjwa ikiwa baridi. Ganda la bastola limetengenezwa kwa njia hiyohiyo ya kuvutwa likiwa baridi, kwa hiyo hatari ni ileile.

Hatua ya 3: Kagua

Chukua maganda machache kwenye kiganja, yatikise karibu na sikio. Mazima hulia kwa mlio mwembamba unaodumu kidogo. Lenye ufa hutoa mlio mkavu, uliokufa. Ukiusikia, yapitie moja moja hadi ulipate, kwa kawaida ufa uko mdomoni.

Sasa tochi. Chini kabisa ndani ya ganda lazima uone tundu moja katikati. Ukiona mawili madogo, hiyo ni fataki ya mtindo wa Berdan. Dai ni kalibu ya presi inayobana ganda, na sindano yake inayosukuma fataki ya zamani itavunjika hapo. Tazama pia kuta za ndani. Kuna maganda ya 9mm yenye ngazi kwa ndani, mviringo unaoonekana wazi kama bega. Pale kwenye ngazi ukuta ni mwembamba na ganda hukatika vipande viwili. Usibishane nalo, tupa.

Lenye alama ya NATO, duara lenye msalaba ndani, fataki yake hubanwa ukingoni kiwandani. Likusanye pembeni, baada ya kutoa fataki ya zamani utahitaji kifaa cha kuondoa ukingo huo.

Hatua ya 4: Rudisha kipimo

Hapa ndipo watu wengi hukwama.

Risasi ikipigwa, ganda hutanuka hadi kugusa kuta za chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Kwa 9mm shinikizo la juu linaloruhusiwa Marekani ni psi 35,000 (pauni kwa inchi ya mraba), na kwa risasi ya .45 ACP ni 21,000, ndiyo maana maganda ya .45 hudumu zaidi. Kazi ya dai ni kulibana ganda lirudi chini ya kipimo cha chemba: kwa 9mm, lisizidi milimita 9.93 karibu na kitako, wala 9.65 mdomoni likishapachikwa kichwa cha risasi.

Nunua dai ya kabidi, yaani yenye pete ya metali ngumu kuliko chuma. Ya chuma cha kawaida ni nafuu, lakini usipopaka mafuta kila ganda, moja litang'ang'ania ndani na jioni yako imeisha. Wenye kabidi huambiwa hawahitaji mafuta. Kwa .45 nakubali, kwani ganda lake limenyooka. La 9mm linapungua kidogo kuelekea mdomoni, hivyo mkono huwa mzito. Mimi hupulizia lanolini iliyochanganywa na alkoholi, sehemu moja kwa kumi, naacha alkoholi ikauke, halafu naanza. Ukimaliza, futa mafuta yote. Ganda lenye mafuta halishiki kuta za chemba, na mafuta yakiingia ndani huharibu baruti na fataki.

Kurekebisha dai: vuta mkono wa presi hadi chini, bila ganda, ili kishikio cha ganda kipande hadi juu. Zungusha dai ishuke hadi iguse kishikio cha ganda, basi. Usiilazimishe zaidi, kwa sababu pete ya kabidi ni ngumu lakini hupasuka ikigongwa. Sasa weka ganda, libane, na ukiwa bado umeshikilia mkono chini tazama kati ya dai na kishikio. Karibu kila mara utaona mwanga, maana presi hunyumbuka ikipata mzigo. Mwanga huo ni sehemu ya kitako isiyobanwa. Teremsha dai kidogo sana, robo ya robo mzunguko, rudia kwa ganda jingine, hadi mwanga uwe wembamba wa karatasi. Kisha funga nati ya dai ganda likiwa bado ndani na presi ikiwa imebana. Ukiifunga bila mzigo, dai huhama na kazi yote unaianza upya.

Hata hivyo dai haiwezi kubana hadi mwisho kabisa, kwa sababu mdomo wake umechongwa mviringo ili ganda liingie kirahisi. Ganda lililopigwa kwenye chemba isiyoshika kitako vizuri huwa na uvimbe pale chini, na uvimbe huo hubaki. Kwa jicho hauonekani. Ndiyo maana usiamini dai, amini mtutu: fungua bastola yako, ukihakikisha kwanza haina risasi, toa mtutu, uelekeze chemba juu, dondosha ganda. Linalofaa hushuka kwa uzito wake, hugonga chini kwa mlio wa wazi, na ukigeuza mtutu hutoka lenyewe. Linalohitaji kusukumwa kwa kidole halifai, hata kama limebaki nywele moja. Kama una bastola mbili, pima kwa ile yenye chemba ya kubana.

Jaribio jingine: shika kichwa kipya cha risasi, jaribu kukisukuma kwa kidole gumba ndani ya ganda lililotoka kwenye dai. Kisiingie. Kikiingia, ukuta ni mwembamba mno au dai haikubana, na kichwa kitarudi nyuma kikigonga njia ya kulishia risasi. Kichwa kikirudi nyuma, shinikizo hupanda vibaya.

Hatua ya 5: Urefu na mdomo

Pima machache kwa vernia; yanayozidi milimita 19.15 weka kando. Kwa 9mm sikati urefu, maganda haya hayarefuki kama ya bunduki.

Mdomo ufungue kiasi cha kichwa kusimama bila kuanguka. Ukiufungua sana, shaba huchoka na mwakani utakuwa unaokota zenye ufa.

Weka kwenye kopo lenye mfuniko, andika kipimo na tarehe, na nawa mikono kwa maji baridi na sabuni kabla hujagusa chochote cha kula.