SOMO: Waini inywewe na ubaridi gani, na namna ya kuipoza

Nimechoka kuulizwa hili kila sherehe inapokaribia, kwa hiyo naliandika mara moja.

Kauli kwamba nyekundu inywewe kwa "joto la chumba" ilitoka Ulaya, kwenye nyumba zenye nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Dar mwezi Januari inafika 30. Kwenye joto hilo pombe inakimbilia puani na kufunika harufu ya tunda. Mtu anaonja nyekundu ya Makutupora ikiwa vuguvugu, kisha anatangaza kwamba waini ya Dodoma haifai. Inaniuma, maana wakulima wale wanaonewa.

Yenye mapovu: nyuzi 6–8. Nyeupe na rozei (ile ya rangi ya waridi): 8–12. Nyekundu nyepesi: 12–14. Nyekundu nzito: 15–18.

1. Friji. Nyeupe iingie tangu mchana kama mnakunywa jioni. Nyekundu ikae saa moja hadi moja na nusu. Ile nusu saa mnayoisoma kwingine inahesabiwa kuanzia nyuzi 20 hivi, si 30.

2. Una haraka? Ndoo, barafu na maji nusu kwa nusu mpaka shingoni mwa chupa, chumvi kiganja kimoja. Nyeupe dakika 20, nyekundu 8 hadi 10. Usikose kutia maji: barafu peke yake inaacha hewa katikati, na hewa haipozi chupa vizuri.

3. FRIZA ACHANENI NAYO. Najua mtasema "dakika kumi tu", halafu wageni wanaingia na chupa inasahaulika. Maji yaliyomo yakiganda yanatanuka, yanasukuma kizibo au kupasua kioo. Yenye mapovu ni hatari zaidi, kwa kuwa ndani yake mna mgandamizo unaokaribia mara sita ya hewa ya nje. Ikipasuka, vigae vinatapakaa kwenye nyama na samaki wote mliohifadhi, na mtatupa kila kitu. Ukiisahau na ukaikuta imeganda, usiivute kwa nguvu wala usifungue kizibo. Zima friza, isubiri iyeyuke.

4. Mimina kidogo kidogo, shika glasi mguuni.

MASWALI

– Mkuu, kwa hiyo nyekundu niweke friji au nisiweke?
Hatua ya 1.

– Mbona wahudumu wote wanasema joto la chumba? Wewe unawazidi?
Nimeeleza ni chumba kipi. Soma kwanza, ndipo ubishe.

– Samahani kaka, kwa nini nyekundu ikitoka friji moja kwa moja inakuwa na ukakasi?
Swali zuri sana, dada. Baridi inazuia harufu isiruke, na inafanya ule ukakasi wa maganda ya zabibu usikike zaidi mdomoni. Utamu nao unapungua, ndiyo maana waini tamu hupozwa sana. Jaribu hivi: mimina glasi mbili za chupa moja, moja unywe papo hapo, nyingine iache dakika 20. Utuletee majibu.

– Nikitia barafu kwenye glasi?
Inazimuka. Gandisha zabibu, tia tatu nne.

– Naongezea mkuu: huku Dodoma tunazikausha maji kabisa kwanza, la sivyo zinashikana.
Asante, hilo sikulitaja. Na chupa iliyobaki, hata ya nyekundu, ifungeni irudi friji. Itakaa siku mbili tatu.