Majani ya viungo freshi: utie saa ngapi, kiasi gani, na uyatunze vipi

Wengi wanachukua kotmiri au rihani freshi wanaitupia kwenye sufuria pamoja na vitunguu mwanzoni kabisa, chakula kikiiva harufu hakuna, halafu wanasema aah haya majani hayana kazi, bora unga wa kwenye kopo. Jamani majani hayana kosa, shida ni muda wa kuyatia. Ile harufu unayoisikia ukifikicha jani ni mafuta mepesi yaliyomo ndani yake, na hayo mafuta yakipata moto yanaondoka na mvuke, jikoni kunanukia mpaka nje ila kwenye sahani hamna kitu.

Kwa hiyo kabla hujawasha jiko shika jani kwanza. Likiwa laini, linapondeka kwenye vidole bila shida, yaani kotmiri, rihani, paseli, mnanaa, hilo ni la mwisho kabisa: zima moto, tia, geuza mara moja, funika dakika moja au mbili, pakua. Au nyunyizia kwenye sahani moja kwa moja, mimi ndio napenda zaidi hivyo. Likiwa gumu na kijiti chake kama cha mti, rozimeri na thaimu, hayo tia mapema yakutane na mafuta ya moto, yanavumilia hata saa nzima na ndio kwanza yanazidi kutoa ladha. Mchaichai nao ni wa mapema, chukua ile sehemu nyeupe ya chini, igonge na mgongo wa kisu mpaka ipasuke, tumbukiza kwenye supu, ila itoe kabla ya kupakua maana zile nyuzi hazitafuniki.

Sasa mashina ya kotmiri, tafadhali sana msiyatupe!! Shina lina ladha nzito kuliko hata jani na linastahimili moto. Ukipika maharage fanya hivi, shika fungu lako, kata mashina pale majani yanapoanzia, yakatekate madogo madogo kabisa, yakaange pamoja na vitunguu na saumu mpaka vitunguu vilainike, endelea na maharage yako kama kawaida, majani yawekwe pembeni yasubiri mpaka umezima jiko. Fungu moja limefanya kazi mara mbili na utaona tofauti kwenye kijiko cha kwanza. Mashina ya paseli nayo yanaenda kwenye supu. Ya mnanaa na rihani yakishakomaa ni magumu, hayo acha.

Kukata nako watu wanaharibu. Kisu kiwe kikali na majani yawe makavu, basi. Kisu butu hakikati, kinaponda, na rihani ikipondwa inageuka nyeusi hapo hapo halafu utamu wote unabaki kwenye ubao. Panga majani ya rihani kama saba au nane moja juu ya jingine, yasokote yawe kama sigara, kata vipande vyembamba mara moja tu, usirudierudie kisu juu yake.

Kiasi: risipi ikisema kijiko 1 cha chai cha majani makavu, ya freshi weka kijiko 1 kikubwa, yaani mara tatu. Ya laini ukizidisha kidogo hayana neno. Rozimeri hapana, kijiti kimoja cha urefu wa kidole kinatosha kuku mzima, ukizidisha chakula kinanuka dawa. Na limau kamulia mezani, asidi ikikaa na majani mabichi rangi inafifia inakuwa ya kijani kilichochoka.

Ndio maana hata chatini ya kotmiri limau natia dakika ya mwisho. Ukitaka ibaki kijani kibichi, chovya majani kwenye maji yanayochemka sekunde 10 tu, yahamishie haraka kwenye maji ya barafu, kamua maji yote, halafu blenda na saumu punje moja, pilipili, chumvi na mafuta vijiko vitatu.

Kutunza sasa. Kinachoozesha ni maji yaliyobaki juu ya jani, kwa hiyo usioshe mpaka siku ya kutumia, au ukiosha kausha kweli kweli. Kotmiri, paseli na mnanaa simamisha kwenye glasi ya maji kama maua, funika juu na mfuko wa plastiki bila kubana, weka kwenye friji, badilisha maji yakichafuka. Rihani usiipeleke friji, baridi inaichoma inakuwa na madoa meusi, iache kwenye glasi yake hapo jikoni. Rozimeri na thaimu zungushia tishu yenye unyevu kidogo.

Yakizidi katakata, jaza kwenye trei ya barafu, mimina mafuta ya kupikia juu, gandisha, siku ya kupika unatoa kipande kimoja unatupia kwenye kikaango. Ila mafuta yenye saumu au majani mabichi USIYAACHE kwenye chupa kabatini, humo ndani hakuna hewa na kuna bakteria wa sumu kali wanaopenda hali hiyo, na huwezi kuwajua kwa harufu. Weka friji utumie ndani ya siku nne, au gandisha.

Na kama una dirisha lenye mwanga, kijiti cha mnanaa au rihani kikate chini kidogo ya kifundo, yaani pale majani yanapochipukia, toa majani ya chini, kisimamishe kwenye maji, baada ya wiki moja au mbili kinatoa mizizi, hapo kipande kwenye udongo. Rihani ikikua chuma kwenye ncha, juu ya majani mawili, hapo yatachipua matawi mawili, na maua yakianza yakate mapema maana ikishachanua majani yanapungua na yanakuwa machungu. Mnanaa upe chungu chake peke yake, mizizi yake inatambaa na itawabana wenzake wote.